Kabati la Bi Mwanamkuu

Lilishushwa bandarini limefungwa magodoro,
likapandishwa hadi Barabara ya Kumi na Nne kwa mkokoteni,
wanne wakisukuma, wa tano akizifokea baiskeli zipishe.
Jirani akachungulia dirishani: "Nani kafa?"

Lilikuwa jeusi, refu, zito kama deni.

Fundi Sechambo, asiyeamini kitu mpaka akifungue,
akavua mgongo wake kwa bisibisi,
akaniita mimi, mwanafunzi wake wa miezi mitatu:
"Njoo utazame. Humu ndani hamna picha."

Na kweli hamkuwa na picha.
Mlikuwa na macho matatu yamelala chali,
jekundu, la kijani, la buluu,
kila moja na lenzi nene kama kitako cha bilauri
na maji ya kulipoza, matamu, alisema fundi
(hakusema alijuaje).
Juu yake kioo kimeinama kama mgonjwa anayesinzia kwenye benchi la Bombo.
Macho hukitemea nuru, kioo hukitupia kiwambo kwa nyuma,
nasi tulioketi upande wa pili
twamwona Mhindi analia mvuani.

Bi Mwanamkuu alikuwa ameuliza kabla ya kununua.
Ipo ya taa, aliambiwa, nyepesi, yang'aa mchana kweupe,
ila taa hufa ghafla, na mwenzake yuko Dubai,
na Dubai haikopeshi.
Ipo ya vioo vidogo, maelfu juu ya kipande cha ukucha,
na gurudumu la rangi lizungukalo mbele yake;
ukigeuza jicho upesi waona upinde wa mvua umekatikakatika.
Na hii ya macho matatu: mzigo, ina giza kidogo,
huchakaa polepole.

"Nipe ya polepole," akasema. "Nimeizoea."

Usiku wa kwanza tulikesha na msalaba mweupe
uliokataa kuwa mweupe.
Nyekundu ilikimbilia kushoto, buluu ikachelewa,
na Sechambo akazivuta, nukta kwa nukta,
kama kadhi na wake wenza watatu:
wewe sogea, wewe shuka, mama, tafadhali, kaa ulipo.
Adhana ya alfajiri ilitukuta na mstari mmoja.

Bandani bei ilifuata mwanga.
Waliokaa katikati, mia mbili.
Pembeni, ambako nyuso huingia kiza, mia.
Waliosimama hawakulipa, maana hawakuona kitu;
walisimulia filamu kwa kusikia, na aghalabu yao ilikuwa nzuri zaidi.

Kisha ile mechi.
Timu yetu ilifungwa mbili kwa moja, bao la pili la kuotea,
au si la kuotea, na hapo ndipo mtu alipoisimamisha deki
ili tuhakikishe.
Tukahakikisha kwa ngumi. Tukahakikisha hadi Makorora.
Hakuna aliyekumbuka kuzima.
Tulichokuwa tumeonywa kikatokea: picha isiyotikisika huunguza.

Tangu siku hiyo kila filamu ilikuwa na 2–1 kwenye pembe.
Mhindi alilia chini ya 2–1.
Mkanda wa harusi ya Mwanasha, bibi harusi amejiinamia,
na juu ya ushungi wake, hafifu kama alama ya mvuke: 2–1.
Mumewe alidai arudishiwe pesa.

Zikaja bapa za kutundika ukutani. Sechambo alikuwa keshazikwa.
Nilipolichambua kabati, kiwambo nilikiegemeza uani
nikaenda Ijumaa;
niliporudi kilikuwa kimelikusanya jua lote la adhuhuri
kikatoboa tundu kwenye mkeka wa Bi Mwanamkuu.
"Acha," akasema, "kimezoea kazi."

Jicho la kijani ninalo hadi leo, juu ya kabati la nguo.
Ukiliinamisha dirishani waona kovu lenyewe, dogo kama punje ya mtama.
Lakini huko ndani maandishi ni ya kinyumenyume, ndivyo kioo kinavyotaka.
Moja kwa mbili.
Miaka yote ile, gizani, tulikuwa tumeshinda.